Mukombero na Mikono ya Josho

Mama alikuja kwa treni kutoka kwetu magharibi, akakaa nasi Rongai juma zima. Kila asubuhi alimtazama mke wangu tumbo kama mkulima anayetafuta mawingu. Siku ya kuondoka akasema, "Mavuno yakiisha bila habari, mwanangu, nitakuletea msichana mwingine." Mke wangu alikuwa mlangoni. Alisikia.

Mimi sikutaka mwingine. Tena nilikuwa nimeshamwota mtoto wetu, msichana, hata kicheko chake nakijua.

Kazi yangu ilikuwa kwenye josho la shamba la mzungu, kusukuma ng'ombe waogelee katika dawa ya kupe. Tulishinda tumelowa.

"Kijana, hiyo maji inapika mbegu ya mwanaume," nyapara alinitania. "Ngoja tu, utaota matiti tukukamue na hawa!"

Nilicheka pamoja na wenzangu wa joshoni. Lakini kila mmoja wao alikuwa na mzizi wa mukombero shavuni. Huo, walisema, ndio unaomlinda mwanaume na kumpa nguvu za kuzaa.

Basi nikaenda Nakuru, nikanunua fungu zima kwa mama mmoja wa mtaa wa Bondeni. Sikutafuna kwa mchezo. Nilitafuna ng'ombe wakiingia, nikatafuna wakitoka. Mzizi unarudi mfukoni, unatolewa tena, utamu wake unashinda harufu ya dawa.

Siku moja mke wangu aliniletea uji joshoni, akasimama kunitazama.

"Hiyo mikono imetoka wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Na mzizi umeshikwa na nini?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Bwana, unakula dawa ya kupe! Unajikinga nayo huku unailamba?"

Nyapara akaacha kutafuna. Akautoa mzizi wake mdomoni, akauangalia, akautupa polepole.

Kuanzia hapo mukombero ulibaki nyumbani. Nilioga kwanza, nikajisugua kwa sabuni mpaka viwiko, ndipo tukaketi mlangoni tukitafuna wote wawili, maana yeye aliipenda ile harufu. Wenzangu waliniita bibi arusi. Halafu wakaanza kuniomba sabuni.

Mahindi yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunwa, jioni moja nilipomkatia kipande chake. Akaziba pua.

"Toa hiyo kitu! Inanichefua."

"Si unaipenda?"

Alikimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Nilibaki na kipande mkononi nikicheka kama mwehu, kisha nikakitupa, nikakimbia kumshika mabega.