Wimbo wa Frigo

Pélagie anauza chai na mikate Bangboka, nje ya uwanja wa ndege, na sauti yake ndiyo inayobeba kwaya yetu. Mwaka juzi ndege ilichelewa, nesi mmoja wa Uskoti akakaa kwenye benchi lake kutwa nzima. Wakafundishana nyimbo.

Ule wa Uskoti ulikuwa wa kizamani: msichana anavuka mto, mto unamchukua. Hauna ngoma wala kiitikio. Una noti tano tu. Unaanza chini, unapanda kwenye mstari wa tatu, unarudi chini. Kila ubeti ni tuni ileile, msichana awe anacheka au anazama.

"Anayeimba anasimulia tu," nesi alimwambia kwa Kifaransa cha kubahatisha. "Kulia ni kazi ya wanaosikiliza."

Pélagie akautilia maneno ya Kiswahili, akatuletea. Arsène, kiongozi wetu, mtu asiyeweza hata kusali bila ngoma, alivumilia beti mbili.

"Bon, Mama Pélagie, huu wimbo umetoka mu frigo."

Wimbo baridi, wa kutoka kwenye friji! Tulicheka hadi tukashika mbavu. Wimbo ukaachwa.

Mwaka huu mdogo wake Pélagie, Jeancy, akafa maji akitoka Barumbu na mashua ya samaki. Walionusurika walimsimulia Pélagie yote. Matangani, mama yao mzee alimuuliza kila aliyeingia mwanawe alikufaje, na kila mtu alimjibu kwa mayowe. Yaliniudhi mayowe yale. Lakini aliponiuliza mimi, nami nikapiga mayowe.

Pélagie mwenyewe hakuweza kumsimulia. Alianzisha wimbo wa kwaya. Tulipoitikia tu, sauti ikamkatika. Akajaribu mwingine, ikawa vilevile. Akamtazama mama yake.

"Papa Arsène, acha ngoma."

Akaanza chini. Jeancy akapakia samaki. Upepo ukaja. Mstari wa tatu ukapanda, ukashuka. Mashua ikapinduka, tuni ileile. Jeancy akashika dumu tupu, akamsukumia mwanamke aliyekuwa anazama. Hatukuwa na mahali pa kuitikia, kwa hiyo tulisikia yote.

Alipomaliza, mama yake hakuwa analia.

"Ile bidon, alimupatia ule mwanamuke?"

"Ndiyo, mama."

"Ye mwenyewe?"

"Ye mwenyewe."

Mzee akanyoosha miguu yake mkekani, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Alors, imba tena. Polepole."

Pélagie akaanza tena kutoka chini, tuni ileile. Kulia alituachia sisi.