Nilivyotaka kumdunga mwanangu maji ya damu yangu, Pemba enzi za Sultani

Wakuu, salaam alaikum.

Haya yamenifika mwenyewe. Mama yangu angekuwa hai angewasimulia vizuri zaidi, maana angecheka.

Mie shule niliishia darasa la pili. Lakini duka la kwanza la bati pale Wambaa lilikuwa la nani? Haya, tuendelee.

Mwanangu Asha, miaka minne, alikuwa na maradhi ya figo. Dawa za hospitali zilimshusha uvimbe, na kinga ya mwili zikaishusha vilevile.

Mara surua ikazuka nyumba ya jirani alikokuwa akicheza.

Daktari akasema ikimshika, haponi. Njia ni moja: atafutwe mtu mzima aliyeugua surua karibuni akapona, damu yake itengwe yale maji ya manjano, adungwe mtoto. Kinga imo humo.

(Nyie wasomi mnaita plazma na antibodi. Hongereni.)

Nikakunja mkono wa kanzu. "Chukua yangu. Homa zinaniogopa."

"Surua umeugua?"

"Mwaka huu huu! Siku mbili tu, nikaishinda."

Uongo mtupu. Lakini mwanangu aokolewe na shemeji Hamadi? Mvivu yule, ndiyo kwanza katoka kitandani na surua, na mie ndiye niliyemtangaza dukani kuwa ana maradhi ya watoto.

Dresa, msaidizi wa daktari, keshanifunga mpira mkononi, mama yangu huyo, kaja na uji wa Asha.

"Weye! Surua umeugua lini? Ulipokuwa mdogo si nilikukimbiza Makoongwe kwa bibi yako ili ikupite? Daktari, huyu humo hana kitu ila majisifu!"

Mpira ukafunguliwa.

Nikamfuata Hamadi kwake. Akajifunga kikoi polepole, kama ana mwaka mzima.

"Shemeji, maradhi ya watoto leo yamekuwa dawa?"

"Yamekuwa, yakhe. Twende."

"Tupitie dukani kwanza. Ukaseme huko."

Nikasema, mbele ya wateja.

Asha akadungwa. Alitoka vipele vichache, homa siku tatu, kisha akadai mkate wa kumimina. Leo ana wajukuu.

Wiki ya pili surua ikanishika mie, ninayeogopwa na homa. Hamadi alikuja kunitazama kila asubuhi. Alikaa kitako tu, akanywa uji wangu.

Funzo: daktari akikuuliza, mjibu kilichopo, si kinachokupendeza. Mama angechelewa kidogo tu, ningemzika mtoto kwa ajili ya sifa.

Haya, wenye mashemeji mwageni yenu hapa. Wa kunicheka wapange foleni nyuma ya Hamadi.