Herufi Saba za Khalfan

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Ndiyo maana Badria alipobisha mlango wangu, draya ya nywele mkono mmoja, uzi wa kusafishia meno mkono mwingine, akasema, "Prudensia shoga yangu, twende tukaling'oe lile jina," nilivaa ndala nikatoka bila kuuliza. Nilikuwa naisubiri siku hiyo miaka miwili.

Badria ni jirani yangu hapa Euless, Texas, mtu wa Unguja. Anahudumia wazee, zamu mbili kwa siku, na akirudi bado anapika mkate wa kumimina wa watu walioagiza. Lile gari la buluu alilinunua yeye, na rangi akaichagua yeye. Mumewe, Khalfan, kazi yake ilikuwa moja tu: kubandika jina lake katikati ya buti. Herufi saba za chuma zinazong'aa, K-H-A-L-F-A-N, utadhani gari la waziri! Alipomwacha mwenzake alibeba hadi blenda. Jina akaliacha. Akaacha na maneno: "Hiyo gari mikononi mwako, mwaka hauishi itakuwa skrepa."

Kesho yake tulikuwa tunakwenda Pearland. Binti wa dada yake Badria anaolewa, na bwana harusi ni mpwa wa Khalfan, kwa hiyo Khalfan atakuwepo, na mke wake mpya.

"Siingii pale na jina lake mgongoni," Badria alisema. "Wala mkwaruzo mmoja siutaki. Akiuona tu, kashinda yeye."

Tulianza saa nane mchana, jua la Texas linachoma mpaka nyayo. Nuha, binti yake, alikuwa ametuonyesha video kwenye simu: unapasha herufi moto kwa draya, unapitisha uzi nyuma yake, unauvuta huku na huku kama msumeno, inabanduka. Dakika kumi, walisema. Dakika kumi! Tulipasha, tukavuta, uzi ukakatika. Tukavuta tena, ukakatika tena. K haikutikisika hata kidogo.

Badria akajipiga paji la uso. "Mtume! Nimekumbuka. Alitia gundi ya chuma. Kule Dar aliwahi kuibiwa nembo ya gari na vioo vya pembeni, anakunywa chai tu. Akaapa hawatamweza tena."

"Jamani! Mwizi gani wa Euless anataka jina la Khalfan?"

Nikapanda ghorofani kwangu nikachukua kisu. Niliposhuka nacho alikaa juu ya buti, mikono kaitanua. "Hakigusi gari yangu!"

"Basi kaa na mumeo hapo!"

"Subira yavuta heri, Prudensia."

"Subira yako imeshaota mvi!"

Nikarudi kwangu nimenuna. Nilinuna kama robo saa, halafu nikaona aibu, nikashuka na chupa yangu ya mafuta ya nazi na mshipi wa kuvulia samaki wa mume wangu. Tukapaka mafuta pembeni ya herufi, tukayaacha yaingie, tukapasha moto, tukavuta mshipi, mmoja huku, mmoja kule. Vidole vikachubuka. Draya ikazimika kwa joto mara nne, na kila mara tulikaa tukiitazama ipoe. Badria alikwenda kuswali alasiri akarudi, tuko kwenye L. F ilivunjika mguu. N ya mwisho iliachia karibu na magharibi, na buti halikuwa na mkwaruzo hata wa kucha. Nikapiga kigelegele hapo hapo kwenye maegesho.

Kisha Badria akafuta mafuta kwa kitambaa.

Jina lilikuwepo. Jua la miaka sita lilikuwa limeipausha rangi ya gari lote, isipokuwa chini ya zile herufi. Pale palibaki buluu mbichi, K mpaka N, na jina linasomeka kuliko mwanzo. Haki ya Mungu nilitaka kulipiga lile gari teke. Badria alisugua, akasugua, kwa polishi, kwa dawa ya meno, mpaka nikamshika mkono.

Akaketi ukingoni mwa lami akalia kwa hasira. "Hata akiondoka haondoki! Nimfanyeje mtu huyu?"

Nuha alisogea, akapitisha kidole juu ya K. "Mama, is this the real color? Mimi nilidhani gari yetu ni ya kijivu."

Badria akainua uso. Akaitazama ile buluu, machozi yamemkaukia shavuni. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo niliyoichagua." Akaziokota zile herufi moja moja, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaingia ndani.

Kesho yake Badria akaendesha mpaka Pearland. Tulipoegesha ukumbini, Khalfan alikuwa mlangoni na mkewe, kanzu imepigwa pasi. Alizunguka nyuma ya gari, akasoma, akatabasamu, yule mtu!

"Naona bado umeniweka, Badria."

Badria akafungua mkoba, akamtia ule mfuko mkononi. "Jina lako hilo, lote. F imevunjika, uniwie radhi. Hapo unapopatazama si wewe. Hiyo ni rangi yangu, uliyokuwa umeifunika."

Khalfan aliinama juu ya buti, akapitisha vidole taratibu akitafuta mkwaruzo. Hakuupata. Nilipiga kigelegele kwa nguvu zangu zote, na wanawake wakatoka mbio ukumbini wakidhani bibi harusi amefika.