Wimbo wa Baba na Watu wa Kujisifu

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Baba mkubwa, mwenyekiti wa ukoo kwa kujichagua mwenyewe, ndani ya koti zito la sufu lisilojali jua la ziwani. Baba mdogo, ambaye kazi yake ni kukubaliana na baba mkubwa kabla hajamaliza kusema. Shangazi, aliyefika na mabakuli matupu yenye vifuniko, tayari kwa safari ya kurudi. Mzee mpiga orutu kutoka Sondu. Jirani yangu wa Migosi, mtaa ninaokaa mjini, muuza nafaka aliyetoka upande wa Mlima Kenya, na kodiani yake, kile kinanda cha kukunja na kukunjua kifuani. Ndugu yangu wa kiume anayenifuata. Dada yetu kitinda mimba. Mimi. Halafu ukoo wenyewe, ambao siwezi kuutaja mmoja mmoja kwa sababu hata wao hawatambuani mpaka sahani zitoke.

Ukoo wetu hukutana nyumbani kila Desemba, juu kidogo ya ufuo wa Luanda Kotieno, mahali ambapo honi ya feri ya Mbita inasikika mpaka jikoni. Wanasema wanakutana kuimarisha umoja. Mimi nimehudhuria mara nyingi na sijaona umoja wowote ukiimarika isipokuwa ule wa watu na nyama. Mwaka uliotangulia walikuwa na kijana wa kupiga santuri, wakamfukuza mchana kwa kosa la kuuliza kama naye atakula. Kwa hiyo mwaka huu hakukuwa na muziki, na baba mkubwa akanipigia simu.

"Wewe ndiye mkubwa wa nyumba ile," akasema. "Tafuta watu wenye vyombo, waje wacheze tu pamoja, bila mambo ya bendi. Vijana wanaita jam. Marehemu si alikuwa akizurura na gita? Mambo hayo ni ya kwenu."

Nilicheka peke yangu. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa darasa la saba, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ni mkubwa wa nyumba. Niliacha shule, nikaanza kukaanga samaki, nikalea wawili. Ukubwa wangu uligunduliwa lilipokuja suala la kubeba viti na kutafuta wapiga ngoma.

Nilikubali, lakini si kwa ajili yake. Nilikuwa na jambo langu.

Baba alikwenda visiwani kuvua muda mrefu, akarudi, na dada yetu mdogo akazaliwa. Haukupita muda baba akafa. Ukoo ulikaa chini, ukahesabu miezi kwa vidole vyake vya mafuta, ukaamua kwamba hesabu haikai sawa. Hawakusema hadharani. Waliacha tu iingie kwenye maneno. Tangu hapo baba mkubwa akitutambulisha kwa wageni husema, "Hawa ni watoto wawili wa marehemu, na huyu mwingine." Dada yangu amekua akiitwa huyu mwingine. Siku hizi ni mwalimu wa chekechea, anafundisha watoto kuhesabu, na kwao yeye mwenyewe hahesabiwi.

Sasa, kabla ya simu ile nilikuwa nimekwenda soko la Sondu kununua viazi vitamu nikasikia orutu. Chombo hicho kina waya mmoja na upinde, na hakuna anayekipiga sawa na mwingine. Nilisimama. Mzee aliyekuwa akipiga alinitazama, akaacha kupiga.

"Wewe una uso wa gita," akasema. "Baba yako alikuwa nani?"

Alikuwa ndiye aliyepiga na baba miaka yote, kisha baada ya msiba akahamia kwa wajomba zake Sondu. Akaniambia baba alitunga wimbo baada ya kurudi visiwani, akaupiga mzima mara chache tu kabla hajaugua. Kiitikio nilikijua, kila mzee wa kwetu anakijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwishoni baba aliwaimba watoto wake, mmoja baada ya mwingine.

"Wangapi?" nikamuuliza, na viazi vikanitoka mkononi.

"Watatu, nyathina, mwanangu. Alikuwa na wangapi kwani?"

Ningeweza kumchukua mzee yule nikamsimamisha mbele ya ukoo aseme. Lakini ningekuwa mjinga. Neno la mtu wa Sondu wangelitafuna, wakalitema. Wimbo ni kitu kingine. Kwetu waya ukishalia hakuna anayebishana na mwimbaji. Na wazee wakisikia kiitikio watajua ni cha nani. Nilitaka dada yangu aimbwe mbele yao wote mpaka ubeti wa mwisho. Hilo tu ndilo nililoitakia jam ya baba mkubwa.

Nilimwomba jirani yangu wa kodiani aje, kwa kuwa orutu peke yake haisikiki kwenye uwanja wenye ukoo unaotafuna. Watu wa kwetu wanaipenda kodiani tangu zamani, na watu wa kwao vilevile, kila upande ukidhani umeivumbua. Wale wawili walikutana asubuhi ileile nyuma ya jiko. Jirani akabonyeza sauti moja, akaishikilia, na mzee akakaza waya wake polepole mpaka ukaifikia.

"Si wewe ndiye unifuate?" mzee akamuuliza.

"Mzee, hii yangu ilikazwa na Wazungu, haisogei. Yako inasogea."

"Kama ndoa," mzee akasema, akamaliza kukaza. Ndugu yangu akageuza jerikeni, akakaa na vijiti viwili. Huo ndio uliokuwa muziki wetu, na niseme ukweli, ulikuwa mtamu.

Kilichoharibu ni pakruok. Kwa asiyejua, hii ni desturi yetu ya kusimamisha muziki ili ujisifu. Mtu anainua mkono, wapigaji wananyamaza, anaweka noti mbele yao, kisha anatangaza yeye ni nani, rafiki zake ni nani, na jinsi dunia ingekuwa na shida bila wao. Ni desturi nzuri mikononi mwa watu wenye cha kusifiwa. Mimi niliyepanga kila kitu, viti, maji, kivuli cha turubai, sikupanga jinsi ya kuizuia, kwa sababu haizuiliki. Ungeweza kumzuia mtu wa kwetu asipumue kabla hujamzuia asijisifu penye muziki.

Wimbo wa baba ulianza. Kiitikio cha kwanza tu, wazee wakainua vichwa. Niliona bibi mmoja akishika kifua. Dada yangu alikuwa akigawa maji, hakujua lolote, nilimficha kwa kuogopa angekataa kuja. Mzee akaimba ubeti wa visiwani, akaanza ubeti wangu, ule wa binti wa kwanza, na hapo baba mkubwa akainua mkono.

"Simamisha!"

Akatembea na koti lake mpaka mbele, akaweka noti kwa namna ambayo kila mtu aione rangi yake.

"Mimi," akasema, "ni mvua inayonyesha upande mmoja wa ziwa! Upande mwingine wanaangalia tu!"

"Na mimi," akadakia baba mdogo kutoka kwenye kiti, "ni mdogo wake na mvua hiyo!"

Watu wakapiga kelele za furaha. Mvua yenyewe haijawahi kuninyeshea hata tone, lakini tuendelee.

Shida ni kwamba mzee hakuweza kuudaka wimbo katikati. Alisema ulitungwa kama ngazi, na mtu hapandi ngazi kuanzia hewani. Akaanza upya. Visiwani. Binti wa kwanza. Akamaliza wangu, akagusa wa ndugu yangu, na shangazi akasimama.

"Simamisha! Mimi ni feri! Nikichelewa mnaningoja, nikiondoka mnalia!"

"Yawa, shangazi, feri huwa haijazi mabakuli!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikatupotezea muda mwingine.

Akaanza upya tena. Akasimamishwa na binamu anayeuza bima, aliyejiita kivuli cha wajane. Akaanza tena. Akasimamishwa na mtu ambaye mpaka leo hatujui ni wa nani, aliyejisifu, akala, akaondoka. Jirani yangu alikuwa akitokwa jasho, kodiani ikipumua kwa shida kifuani mwake. Aliinama akaninong'oneza, "Mama, hawa watu wenu hawana mwisho?"

"Hawana," nikamwambia. "Hata mwanzo wao sina uhakika nao."

Harufu ya pilau ilikuwa imeanza kuja. Nilijua vifuniko vikifunguliwa hakuna wimbo utakaosikika tena duniani. Na mzee sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Alikuwa amebakiwa na wimbo mmoja kooni, labda hata huo haukuwa mzima.

Nikainua mkono.

"Simamisha."

Uwanja ulishangaa. Mimi si mtu wa kujisifu. Mimi ni mtu wa kuosha sufuria wanazojisifia. Nikaenda mbele na mikono mitupu, kwa kuwa nilichokuwa nacho kilikwenda kwenye turubai na nauli.

"Anayesimamisha huweka kitu," baba mkubwa akasema kutoka kwenye kiti chake. "Hii si kanisa."

"Kweli, huweka kitu," akadakia baba mdogo.

Mzee wa Sondu akashusha upinde. "Wimbo ni wangu kuusimamisha," akasema, "na mimi namkopesha. Atanilipa."

"Atakulipa kwa kitu gani?" baba mkubwa akauliza.

"Kwa sifa. Atakuja kwangu Sondu, asimame mbele ya watu wangu, mchana, na majirani wakiwepo. Pale wananiita mzee wa kelele. Wanangu wanasema orutu ni ya wavivu. Atanisifu kama hivi mnavyojisifu nyinyi, lakini atanisifu mimi, na hatamaliza mpaka wanangu watazame chini." Akanigeukia. "Unakubali?"

"Nakubali."

"Haya. Sema."

Nikasema. "Mimi ni moshi wa mafuta pale Migosi. Mimi ni binti aliyefunga daftari ili wawili wafungue ya kwao. Anayenisimamisha kabla wimbo huu haujaisha, aje kwanza aniambie alikuwa wapi siku tulipolala njaa. Aje na jibu, asije na noti. Piga, mzee."

Hakuna aliyeinua mkono. Sidhani ni kwa aibu, aibu haijulikani kwetu. Nadhani kila mmoja alikuwa akitafuta jibu na hakulipata upesi.

Mzee akapanda ngazi yake. Visiwani. Binti wa kwanza, mwenye mikono isiyotulia. Kijana wa pili, mpigaji wa vitu visivyo ngoma. Kisha akapunguza sauti, na kodiani ikapungua naye, na akaimba kwa Dholuo kama baba alivyoimba: na wa tatu huyu aliyenikuta nimerudi, aliyekuja na paji la uso la mama yangu, pana kama kiganja, ukoo wote unaweza kukaa juu yake na nafasi ikabaki.

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Dada yangu alikuwa amesimama na jagi la maji, na paji lake la uso lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote. Bibi aliyeshika kifua akasema kwa sauti, "Si ndilo? Nilikuwa nikilitazama miaka yote hii." Kama alikuwa akilitazama miaka yote hii, kwa nini hakusema, hilo sikumuuliza. Najua jibu. Alikuwa akisubiri mtu mwingine aseme kwanza, kama ukoo wote.

Baba mkubwa alijikohoza. "Pilau iko tayari," akasema.

Ndiyo hotuba aliyotoa. Lakini alipokuwa akiwaaga wageni wa Mbita jioni ile nilimsikia kwa masikio yangu: "Na hawa ni watoto wa marehemu." Akaishia hapo. Hakutaja wawili, hakutaja mwingine. Yeye huyo akigawa chochote, hata kijiko, nitakuwepo kusikiliza kama ameikumbuka hesabu mpya.

Dada yangu alinisaidia kuosha sufuria. Alisugua ile kubwa mpaka ikang'aa.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia ningevaa nguo nzuri." Kisha akaegemeza paji lake begani pangu, na mikono yote miwili ikiwa bado na sabuni.

Hayo yameisha, limebaki deni langu la Sondu. Nilidhani ningelilipa baada ya mwezi mmoja. Nikikaanga samaki jioni huwa najaribu kupanga maneno ya kumsifu yule mzee, na jirani yangu huja kusimama na gunia lake la maharagwe kunisikiliza. Wiki iliyopita nilianza hivi: "Wewe ambaye si kama mvua ya upande mmoja, wewe ambaye hubebi mabakuli matupu..."

"Mama," akanikatiza, "hapo umewatukana wawili na hujamsifu mmoja."

Nikajaribu tena, nikamgusa baba mdogo. Jirani akatikisa kichwa, akabeba gunia lake.

Shida ni hiyo. Kwa dharau nina maneno ya kujaza ziwa. Sifa nimezitoa kidogo sana maishani, nyingi kati ya hizo kwa watu wawili tu, na hao sikuwahi kuhitaji kuwatafutia maneno. Mzee amenitumia salamu kwa dereva wa mahindi kwamba koo lake si zuri siku hizi, na kwamba wanawe bado wanatazama juu. Nimemjibu nakuja. Sijaenda bado. Ninayo sentensi moja tu iliyokaa vizuri, inayosema kwamba alimbeba mtoto wa watu kooni mwake miaka yote asimwangushe, na hiyo moja haiwezi kumaliza mchana.