Breki za Mbele, Mbele ya Washarika

Nikiwaambia kwamba mpaka leo nikienda ibadani nyumbani Mwika naingia kwa mlango wa pembeni na kukaa nyuma ya nguzo, msidhani nimekuwa mnyenyekevu. Ni aibu tu, na aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu.

Marehemu baba aliniachia pikipiki. Ni ya zamani sana, tangi lake lilikuwa jekundu sasa limekuwa na rangi ya chai, na vijana wa mjini wakiiona wananisimamisha waipige picha (na mimi, kusema kweli, napenda kusimamishwa). Shida yake ilikuwa breki za mbele. Unabana mpaka vidole vinagusa usukani, na pikipiki inaendelea na safari kama vile hukuiambia kitu. Baba aliizoea, mimi nikaizoea, tukawa tunasimama kwa breki ya mguu na kwa sala. Aliyekataa kuizoea ni mama. Baada ya msiba aliniita jikoni akasema, "Elisante, hilo pikipiki liuze. Limeshamtupa baba yako migombani mara mbili, wewe unangoja ya ngapi?" Nikamwambia, mama, nipe muda kidogo, nitazitengeneza hizo breki, na siku ya mavuno nitakuja nayo kanisani uzione, ukiridhika nitakupakia mwenyewe mpaka nyumbani, usiporidhika nauza. Akakubali.

Sasa, mtaa wa jirani na kwangu, Soweto, kuna fundi anaitwa Shao, na aliniambia kabisa, "Mwalimu, niletee Jumamosi asubuhi, nikubadilishie pedi na waya, utasimama vizuri." Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia. Nikajiuliza, mtu anayefundisha wenzo na msuguano kila mwaka anapelekaje breki kwa fundi? Jumamosi hiyo nikaitoa pikipiki uani kwangu mjini, Shirimatunda, nikavua gurudumu la mbele, nikapiga msasa ndani, nikaweka pedi mpya, nikaweka waya mpya, na kile kimkono kinachovutwa na waya nikakibadilisha nikaweka kirefu zaidi ili nguvu iongezeke (hapo nilikuwa najifundisha mwenyewe somo zima kwa sauti, kuku wakisikiliza).

Ikabaki bolti moja. Ile sahani inayobeba pedi ina kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye shokapu, isije ikazunguka pamoja na tairi, na bolti ya hicho kipande iliniponyoka ikaingia kwenye majani. Nilitafuta, nikatafuta, wapi. Mke wangu, Neema, akasema, "Si uende Soweto ukanunue nyingine, hapo si karibu?" Nami nilikuwa nimechoka, nimechafuka, na kichwani nilishajiona nimeshinda, nikamjibu, "Nitafunga na waya kwa kesho tu." Nikachukua waya wa kufungia nondo, nikauzungusha mara sita, nikaukaza kwa koleo. Neema aliutazama ule waya, akanitazama mimi, akaingia ndani kugeuza ndizi zake.

Nikaisukuma pikipiki kwa mikono pale uani, nikabana, ikasimama. Nikajisifu.

Jumapili nikavaa suti. Mpaka Himo barabara ni tambarare, kisha ni kupanda tu, na kwa mazoea ya miaka yote mkono wangu wala haukuikumbuka breki ya mbele, nilikuwa nakanyaga ya mguu. Nilichelewa kwa makusudi (Mungu anisamehe) ili nifike watu wameshatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mavuno, kila mtu anione. Kutoka getini hadi uwanjani pale kanisani kuna mteremko. Chini washarika wamezunguka vitu vya mnada, Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa, ameinua trei la mayai juu ananadi, na mama amekaa kwenye kiti mstari wa mbele. Nikasema nitashuka moja kwa moja, nitasimama hatua chache mbele yake, kwa breki ya mbele peke yake. Nikainua na mguu kabisa, ili aone.

Nikabana. Nilisikia ule waya wa nondo ukikatika, tak, sahani ikazunguka na tairi ikiuvuta waya wa breki, na gurudumu likakwama kama limepigiwa msumari. Pikipiki ikainuka nyuma, mimi nikaendelea na safari peke yangu. Nilitua kwenye ndizi mbivu, nikapiga teke ndoo ya maziwa, Mzee Eliakimu kwa kunikwepa akaachia trei likanifuata hapo hapo chini, na majogoo wawili waliofungwa pamoja wakakimbilia kwaya. Suruali ya suti nayo ikachanika nyuma, toka juu mpaka chini.

Na mimi, katika maneno yote ya Kiswahili, nikiwa nimelala kwenye mayai, nikachagua kusema, "Mama, zinashika."

Mzee Eliakimu akageukia watu taratibu. "Washarika, trei hili limeshapata mwenyewe."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mchungaji aligeuka akawa anautazama mlima. Mama mmoja wa kwaya akanifunga kitenge kiunoni. Mama yangu alikuja hajacheka hata kidogo, akanipapasa kichwa, mabega, mikono, kama nina miaka mitano. Nilikuwa nimechubuka viganja na goti tu. Kisha akainama kwenye pikipiki, akaushika ule waya uliokatika.

"Huu si wa kufungia nondo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ulikuwa unipakie hapa."

Kicheko cha watu kilikuwa hakiniumi tena, nilikuwa naiona kichwani ile kona ya mteremko wa kwenda nyumbani, na yeye amekaa nyuma yangu.

Jirani alitupakia kwenye pikapu yake. Mama akakaa mbele, mimi nyuma kwenye ndizi, nimevaa koti, tai na kitenge, nimeikumbatia pikipiki isianguke, tukapita sokoni polepole, watu wanasalimia. Kwa kioo cha nyuma nikaona mabega ya mama yanatikisika. Nikajua nimemliza. Nikagonga paa, jirani akasimama, nikainama dirishani kumwomba msamaha, kumbe mama anacheka, machozi yanamtoka, na toka tumzike baba sikuwa nimemwona akicheka. "Rudi nyuma ukakae," akasema, "usinitazame."

Fundi Shao ameitengeneza, na sasa inasimama kweli. Mama bado hajaipanda, anasema anafikiria. Mimi nimeapa: kitu chochote kinachobeba roho ya mtu, kikikosa bolti, kinalala hapo hapo mpaka bolti ipatikane, hata kama watu wananisubiri. Fizikia nitaendelea kufundisha. Ya ubaoni.