Daftari Kwenye Chano

Kaka yangu Bwanausi alikwenda Uganda, chuo kikuu, kusoma vitu viwili ambavyo hapa Bagamoyo hakuna aliyeelewa vinapikikaje chungu kimoja. Cha kwanza fasihi ya Kiingereza, yaani hadithi, mashairi na michezo ya kuigiza ya Waingereza. Cha pili saikolojia, elimu ya nafsi za watu. Majirani walimwuliza mama, "Bimdogo, mwanao anasomea nini huko?" Mama akajibu, "Anasomea hadithi, na anasomea mioyo." Walicheka mpaka kanga zikawavuka. Mtoto wa watu apande treni mpaka Mwanza, ashuke apande meli ya ziwani, kisa akajifunze hadithi na umbea! Vyote hivyo kisimani vilikuwepo, tena bila nauli.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la nane, na kaka ndiye mtu pekee nyumbani aliyezungumza nami kama mtu mwenye akili zake. Akija likizo alikuwa akikaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, anikunie nazi vibaya, huku akinisimulia michezo waliyoigiza chuoni. Mwaka ule, 1956, alinisimulia jinsi mwenzao mmoja, mtoto wa mpishi wa Tabora, alivyovalishwa pazia jekundu akawa mfalme, na Wazungu waliokaa viti vya mbele wakatoa leso wakafuta machozi.

"Na nyinyi mnaomjua, je?" nilimwuliza.

"Na sisi tulilia."

"Hakuna aliyepiga kelele kwamba huyu si mfalme, ni mtoto wa mpishi?"

"Mwaija, mtu hafanyi hivyo. Ukifanya hivyo umeuua mchezo."

Maneno hayo niliyaweka. Sikujua kama nitakuja kumrudishia.

Sasa, chuo kilimruhusu kuchanganya masomo hayo mawili kwa shingo upande. Mwalimu wake wa saikolojia alimpa kazi ya likizo: aandike habari za mtu mmoja aliye hai, maneno yake, vitendo vyake, na yaliyojificha nyuma yake. Akirudi na kazi nzuri ataendelea na yote mawili. Akirudi mikono mitupu saikolojia ataiacha, abaki na hadithi zake. Na kaka aliipenda saikolojia ile kuliko kula. Alikuja na daftari jipya lenye jalada gumu jekundu, akaanza kututazama. Unamenya mhogo, anakutazama. Unapiga chafya, anaandika. Nilimwambia, "Ukiniandika mimi, nitakumwagia maji ya dagaa."

Hakuniandika mimi. Alimwandika mama.

Nami nilikuwa na janga langu. Barua ilikuwa imekuja kutoka chuo cha ualimu cha wasichana, huko bara: nafasi yangu ipo, niripoti mwezi wa saba. Lakini baba yetu, Pazi, alikuwa amekufa zamani, na mama alikuwa ameolewa na Mzee Alawi, mnunuzi wa mbata, zile nazi zilizokaushwa. Mzee Alawi hakuwa mtu mbaya. Hakuinua mkono, hakukosa msikitini. Tatizo lake ni moja, neno likishamtoka halirudi. Na neno lilikuwa limeshamtoka: alikuwa amepokea posa yangu kutoka kwa Mwinshehe wa Lugoba, mwenye duka na lori, mwenye wake wawili, na meno ambayo ukiyahesabu huchoki. Ndoa iwe Mfungo Tatu, mwezi ule ule wa kuripoti chuoni. Barua ya chuo Mzee Alawi aliikunja akaitia mfuko wa kanzu, na sikuiona tena.

Mama alisema nini? Hakusema. Mke wa zama zile hakumpinga mumewe katika jambo la posa, akaeleweka. Mama alianza kupiga miayo.

Miayo ile tuliijua. Baadaye yalifuata maumivu ya viungo, kukataa chakula, kulia bila kupigwa. Bi Ashatu, fundi wa ngoma ya pepo, aliitwa, akamfukiza ubani, akasema tusilohitaji kuambiwa: Mhabeshi anataka kupanda. Mama alikuwa kiti. Kiti ndiye mtu anayekaliwa na pepo, na pepo wa mama alikuwa Mhabeshi, mwanamume, mwenye kiburi na mpenda kahawa, tuliyemwita Bwana Mkubwa.

Wasioijua ngoma hiyo niwaambie kanuni yake moja tu, maana kisa chote kimesimama hapo. Anayoyasema pepo si ya kiti. Pepo akishashuka, kiti hajui lolote lililopita, na hakuna anayemwambia. Humwulizi, humsimulii, humkonyezi. Mwaka ule paa la jiko lilipovuja, Bwana Mkubwa alipanda akadai makuti mapya. Mhabeshi wa watu, mwenye majumba kwao, anadai makuti ya jikoni! Hakuna aliyecheka. Mzee Alawi alileta makuti, mama akaamka kesho yake akayaona, akasema, "Alhamdulillahi, nani kaleta?" Nasi tukasema, "Baba."

Mtaniuliza, je, mliamini? Hilo ni swali la mtu asiyelelewa. Tulikuwa na adabu.

Ngoma ilipangwa siku tatu, uani kwetu, kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mvua za masika zilikuwa zinakatika na ua ulikuwa bado tope. Siku ya kwanza Bwana Mkubwa alipanda, akanywa kahawa, akasema kwa sauti nzito, "Nimekuja na neno. Nitalisema siku ya tatu, mwenye nyumba awepo." Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Ashatu alinitazama mara moja, akaangalia pembeni. Nilijua ni neno gani. Kila mwanamke uani pale alijua. Moyo wangu ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu posa ile ije.

Na kaka, pembeni ya ukuta, alikuwa anaandika.

Jioni ile, baada ya swala, nilikuwa ukumbini nikikunja mikeka nikasikia sauti yake barazani. Alikuwa amekaa na Mzee Alawi, daftari magotini, anamfasiria. Sikiliza akili za msomi! Alidhani mzee akielewa atamwonea mama huruma. Akamweleza kwamba nafsi ya mtu ina chumba cha ndani, na yale mtu asiyoweza kuyasema kwa kinywa chake hutoka kwa sauti nyingine. Kwamba hakuna Mhabeshi. Kwamba ni mama mwenyewe, anaumwa na lisilosemeka.

Mzee Alawi alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo makuti yale, alikuwa yeye?"

"Alikuwa yeye, Baba. Lakini mwenyewe hajui."

"Na neno la siku ya tatu?"

Kaka akafunga daftari. Nafikiri hapo ndipo alipoanza kunusa moshi. "Litakuwa la moyo wake," akasema.

"Vyema," akasema Mzee Alawi. "Kumbe nimekuwa nikiamrishwa na mke wangu miaka kumi na moja. Vyema."

Nilimngoja kaka ukumbini. "Umeniua," nilimwambia. "Unajua alitaka kusema nini siku ya tatu? Alitaka kusema mimi nisiolewe. Njia nyingine hana! Sasa mzee atakataa, na mama hatapata tena pa kusemea maisha yake yote."

"Mwaija, mimi nimegundua kwamba…"

"Umegundua nini? Kila mwanamke wa mtaa huu anajua! Bi Ashatu anajua, mimi najua, hata mbuzi wanajua. Ulidhani tunanyamaza kwa ujinga? Umekwenda mpaka Uganda kujifunza tunayoyajua, ila hukujifunza kunyamaza." Kisha nikamrudishia yake. "Yule mfalme wenu mlimlilia. Mama umempandia jukwaani ukamvua pazia."

Nilimwona anakaa chini, pale pale kwenye mkeka niliokuwa naukunja. Siku ya pili nzima hakuandika hata mstari.

Siku ya tatu ua ulijaa. Mama alikaa katikati kwenye kiti kifupi, amefunikwa shuka nyeupe mpaka usoni. Mbele yake kulikuwa na chano, sinia lile la mti lenye miguu, limepangwa kahawa, marashi, tende na halua. Chetezo kilifuka ubani. Ngoma zikalia, mabega ya mama yakaanza kutikisika, shuka ikaanguka, macho yakawa si ya mama. Bi Ashatu akasema, "Karibu, Bwana Mkubwa."

Hapo Mzee Alawi aliingia. Siku zote alikuwa akisikilizia mlangoni, nje. Safari hii alipita katikati ya wanawake na kofia yake kichwani, akainua mkono, ngoma zikakatika moja moja.

"Kabla hajasema," alisema, "nina jambo dogo." Akasimama mbele ya chano. "Bimdogo! Nakuita mimi mumeo. Itika."

Mke akiitwa na mumewe huitika abee, hata kama mikono imo kwenye unga, hata kama ana homa. Mama akiitika, pepo hayupo, na neno lake halina mwenyewe. Asipoitika, na mzee akawa anaamini ni yeye, basi amemdharau mume mbele ya mtaa mzima, na kwa hilo mwanamke hupewa talaka. Mama alitazama mbele bila kupepesa.

"Bimdogo!" Mara ya pili. "Itika."

Niliona midomo ya mama inaachana. Miaka kumi na moja ya kuitika, mdomo una mazoea yake. Niliona koo lake linapanda, na jasho linamteremka shavuni mpaka kidevuni. Mara ya tatu ingekuwa ya mwisho, na mzee alikuwa ameshavuta pumzi.

Kaka alitoka ukutani. Alipita mbele ya Mzee Alawi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, akapiga magoti topeni na suruali yake ya chuo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," alisema.

Kisha ile sauti nzito, imekauka: "Marahaba."

"Wewe!" Mzee Alawi alimshika bega. "Si wewe msomi uliyeniambia huyu ni mama yako?"

"Nilisema, Baba." Kaka hakugeuka. Alipandisha sauti watu wote wasikie. "Nilikosea. Mama yangu hayupo hapa, ukimwita hawezi kukusikia. Na huyu Bwana nimemkosea adabu. Nimemwandika bila kumwomba ruhusa." Akatoa lile daftari jekundu kifuani, akaliweka kwenye chano, kati ya tende na marashi. "Nimemletea."

Nilijua kilichomo. Kurasa arobaini na kitu, likizo yake nzima, saikolojia yake nzima. Na zilikuwa zimebaki siku nane arudi chuoni.

Bwana Mkubwa alilitazama daftari. Alinyoosha kidole, akaligusa jalada kidogo sana, kama mtu anayepima joto la chungu. Kisha akamwashiria Bi Ashatu. Bi Ashatu alilichana kurasa tatu tatu, akazilaza juu ya makaa ya chetezo, na moshi wa karatasi ukachanganyika na wa ubani mpaka tukakohoa. Kaka alikaa pale pale magotini mpaka jalada lilipokunjamana.

"Sasa neno langu," ilisema ile sauti. "Binti wa nyumba hii ana barua. Arudishiwe. Mwaka huu haolewi. Atakayemchukua kabla hajasoma, mimi nitakwenda kukaa kwake."

Wanawake walipiga vigelegele hata kuku wakakimbia. Mzee Alawi alisimama pale na watu wote wanamtazama. Mtu aliyemwambia hakuna pepo ndiye alikuwa amepiga magoti mbele ya pepo. Angesema nini? Alitia mkono mfukoni, akatoa barua yangu iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye chano, akaondoka kwenda kutia udhu. Habari zilipofika Lugoba, Mwinshehe aliacha posa mwenyewe. Alisema ana wake wawili wanamtosha, hahitaji na Mhabeshi.

Kesho yake mama alikuwa uani anafagia majivu. Aliona barua mkononi mwangu akasema, "Alhamdulillahi, nani kakupa?"

"Baba," nikasema.

Kaka alirudi chuoni mikono mitupu, wakamwondoa kwenye saikolojia. Aliniandikia barua ya mistari minne kunijulisha, na chini yake akaandika, "Usimwambie mama." Alibaki na hadithi zake. Alipata shahada ya fasihi peke yake, akawa mwalimu wa Kiingereza, na watu waliosoma kwake wanasema hakuwahi kumfedhehesha mtoto mbele ya darasa. Iliniuma sana, maana nilijua chuo changu kililipiwa na nini.

Mwaka 1959 tulikutana nyumbani likizo sote wawili, walimu wawili, mama akijisifu kisimani mpaka akakimbiwa. Asubuhi moja tulikaa uani. Mama alikuwa na ungo wa mchele, anachagua mawe. Kaka alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, rundo zima, na moja lilikuwa na jalada jekundu. Mama alilitazama lile kitambo. Akaokota jiwe, akalitupa.

"Bwanausi," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, hata hakuinua kichwa. "Lile daftari lako. Walikupa jingine, uandike upya?"

Kiti hajui. Miaka mitatu, na kabla yake kumi na moja, kiti hakuwa amejua kitu. Nilimtazama kaka, nikaona macho yake yanajaa maji, na nikaogopa atasema, maana alikuwa na haki ya kusema.

Kaka aligeuza ukurasa.

"Daftari gani, mama?" alisema.

Mama aliokota jiwe jingine. Kisha akautikisa ungo, makapi yakapanda juu yakaondoka na upepo.

"Hamna, mwanangu," alisema. "Nilidhani tu."