Kuteremsha Ndege ya Papa

Mpaka leo nikisikia régulateur ya umeme ikigonga, tak, kimya kidogo, tak, ninaacha nilichoshika na kusikiliza. Wenzangu wa Lubumbashi mnalijua lile sanduku dogo la chuma tunaloliweka kati ya ukuta na mashine ya thamani, ili umeme ukirudi kwa hasira usiiunguze. Letu lilikaa sakafuni, chini ya meza ya salon, chumba chetu cha wageni, likitoa harufu ya vumbi lililochomwa. Juu ya meza ilikuwako kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwamo ndege, mchezo wa kujifunzia kurusha.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa ndege, pale uwanja wa Luano. Katika ndege ndogo za mizigo aliruka pamoja na rubani, ili mashine ikiharibika porini awepo mtu wa kuitengeneza. Kompyuta ile aliachiwa na rubani Mbelgiji aliyefungasha na kurudi kwao baada ya uporaji wa kwanza wa wanajeshi, pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza ambacho nyumbani hakuna aliyeweza kukisoma. Kwa hiyo tulijifunza kwa kuanguka. Jumapili, baada ya misa, Papa alinikalisha kando yake. Mimi nikaipandisha ndege, yeye akaiteremsha. Kuteremsha ilikuwa kazi yake, maana kila nilipojaribu, kioo cha kompyuta kilitikisika na kujaa nyufa za kuchorwa, kama yai.

Mama hakuipenda. Alikuwa binti wa mtu wa reli kutoka Kabalo, na alipopita na sahani yake ya sombe, majani ya muhogo, alisema, bila kutuangalia, "Ile kintu iko inakula courant ya bule." Siku moja alisimama mlangoni akaongeza, "Treni ikizima, inasimama. Ndeke ikizima, inafanya nini?"

Papa akacheka. "Ndeke bila moteur haianguke, Mama Odile. Inatelemuka."

Odile ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule Zaire ilipokuwa inakufa. Vita vilikuwa vinatoka mashariki, na kila juma redio ilitaja mji mwingine ulioanguka. Shule zilifungwa. Jirani yetu alichimba shimo nyuma ya jiko akafukia cherehani yake, kisha akapanda mchicha juu, na mchicha ukakataa kuota, kwa hiyo mtaa mzima ukajua. Tulicheka, lakini tulicheka tukiangalia barabara.

Ndipo Papa na rubani wake walipotumwa Moba kuwachukua wagonjwa wa misheni. Aliondoka Jumanne. "Alhamisi niko hapa," alisema, akanikabidhi kompyuta kama mtu anayekabidhi mbuzi. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita.

Simu hazikuwako. Ilikuwako phonie ya parokia, ile redio ya kuitana na misheni za mbali, na katekista ndiye aliyeishughulikia. Kila asubuhi Mama alikwenda kwake. Mimi nilibaki mbele ya kompyuta, maana nilikuwa nimefunga mapatano na Mungu: nikiiteremsha ndege salama, Papa atarudi. Sikumwambia mtu. Mikono ilitoka jasho hata vidole vikateleza kwenye vibonye. Niliangusha ndege mara nne, mara tano, na kila nyufa zilipojaa kioo niliomba msamaha nikaanza upya. Kati ya maanguko nilisikiliza régulateur, nikiogopa umeme utakatika nikiwa bado hewani. Je, hiyo ingehesabiwa kuwa nini?

Jumamosi Mama alirudi kutoka parokia, hakuvua viatu. Alivuta kiti akakaa kando yangu, mahali pa Papa.

"Odile, onyesha mie. Moteur ikizima huko juu, unafanya namna gani?"

Nilishangaa. "Unataka kucheza, Mama?"

"Minataka kuona tu."

Nikapandisha ndege, nikazima injini. Mlio ukakatika, ukabaki upepo. Nilivuta pua juu, kama kila mtu anavyotamani kufanya anapoogopa, na ndege ikadondoka kama jiwe. Mama akashika ukingo wa meza.

"Rudilia."

Nikarudia. Nikaanguka. "Rudilia," akasema. Hakukasirika, wala sauti yake haikupanda. Mara ya saba au ya nane nilikumbuka jinsi mkono wa Papa ulivyokuwa ukifanya: alisukuma pua chini, kuelekea ardhini kwenyewe, mpaka kasi ikarudi, ndipo akaiinua pole pole. Nikasukuma. Ardhi ikaja, ya kijani kibichi, kubwa. Nikainua. Ndege ikaruka kidogo, ikatua tena, ikakimbia kwa magurudumu, ikasimama katikati ya shamba.

Hakuna ufa hata mmoja.

"Bantu ya ndani beko bazima?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Wote."

Akaomba nimwonyeshe tena. Tulifanya hivyo mchana kutwa, na bukari, ugali wetu, ikaungua jikoni. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye Mama ameanza kuupenda mchezo wetu.

Jumatatu yake askari wa serikali waliokuwa wanakimbia vita waliingia mtaani. Wawili wakaja kwetu. Mmoja akakumbatia kompyuta, nyaya zikiburuta sakafuni nyuma yake, na mimi nikamshika mkanda, nikilia kwamba Papa bado yuko hewani, kwamba ataanguka. Askari yule alinitazama kana kwamba mimi nina wazimu. Mama alinibandua kwake, akanibana kifuani, akasema sikioni mwangu, "Tulishatelemusha ndeke, Odile. Ilishafika chini."

Kesho yake askari wengine, wale waasi wa mashariki, watoto watoto wenye buti za mpira, waliingia mjini, na majuma machache baadaye nchi ikabadilishwa jina.

Papa alirudi siku kumi na moja baada ya kompyuta kuchukuliwa, kwa treni ya Sakania, kule mpakani, amekonda, na mkono umefungwa kwa kipande cha pazia. Injini ilikuwa imewafia walipokuwa wanakwenda Moba, wakatua katika majani marefu kando ya ziwa Moero. Wenye biashara ya samaki waliwavusha mpaka Zambia, na rubani alibaki huko hospitalini na mguu uliovunjika.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipomsikia katekista yule, sasa mzee, akimweleza Papa juu ya Jumamosi ile. Misheni ya Moba, iliyokuwa haijapatikana mpaka siku hiyo, ilikuwa imesema kwenye phonie kwamba Jumanne rubani aliita, akasema injini imezima, kisha kimya. Mama aliipokea habari hiyo, akashukuru, akatembea peke yake mpaka nyumbani. Hakuwa na mtu wa kumwuliza ila mimi. Nami nilidhani ninambeba Papa, kumbe siku ile niliyembeba kidogo ni Mama. Mengine yote aliyabeba mwenyewe, siku kumi na tatu, huku akipika na kunisuka nywele.

Nilimwuliza Mama kwa nini hakuniambia. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakusimamisha mkono.

"Mumoja kati yetu alipaswa kulala," akasema.